Dada anataka nimlipie "kodi" ili atoe hela ya mabati ya Mama. Krismasi hii nitaweka wapi uso wangu?

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, fundi cherehani hapa Mwanza, nina mume na watoto wawili. Naomba usitaje jina langu wala mtaa wangu. Safu hii inasomwa na watu wa kwaya ya dada yangu, na wakinijua nimekwisha.

Nyumbani kwetu ni Muleba. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na aliyebeba mzigo ni dada yangu mkubwa. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaja Mwanza kuuza dagaa Kirumba, na hela ya dagaa ndiyo iliyonisomesha mpaka nikamaliza chuo cha ufundi. Cherehani yangu ya kwanza alininunulia yeye. Nakueleza haya ili ujue kwamba huyu si dada wa kusalimiana naye tu.

Mwezi wa nane Mama alipata hela ya kahawa kutoka chama cha msingi, akauza na ng'ombe mmoja, akamtumia dada milioni moja na laki sita anunue mabati huku Mwanza. Mpango ulikuwa tuyasafirishe Krismasi. Nyumba ya Mama inavuja jikoni na chumba cha wageni, na kila nikimpigia ananitajia ndoo alizotega.

Mwezi wa tisa mwenzake wa kwaya akamwingiza dada kwenye kundi la WhatsApp. Unatumiwa linki, unapakua programu, unapiga picha kitambulisho chako cha NIDA, unalipia ngazi, halafu kila siku unaangalia video fupi na kubonyeza nyota. Alianza na 50,000, na baada ya wiki akatoa 68,000 kwa wakala. Nilikuwa naye, nilimwona anazihesabu. Akaweka laki mbili, zikazaa. Akanunua friji ndogo ya kuuzia maji na juisi. Ukileta mtu unapata kamisheni, kwa hiyo akaanza kuwaalika wengine. Mpaka sasa akina mama saba wa kwaya wameingia kupitia kwake, na mmoja wao ni mjane.

Mwezi wa kumi ikaja kitu walichokiita Ofa ya Sikukuu. Ukiweka milioni mbili, tarehe 1 Desemba unavuna milioni nne na laki mbili. Dada akachukua hela yote ya mabati, akaongeza laki nne zake. Baadaye aliniambia alitaka Mama apate bati za msauzi, za rangi, na hela ya tanki la maji ibaki.

Tarehe 1 ilipofika, kutoa hela kukagoma. Kwanza wakasema mfumo unaboreshwa. Kisha ukaja ujumbe huu, naunakili kama ulivyo: "Mpendwa mwanachama, HONGERA! Salio lako ni TSh 4,200,000. Ili kutoa, lipia kodi ya serikali 10% (TSh 420,000). Mwisho 7/12. Usijadili na asiye mwanachama." Tarehe 7 ikapita, wakasogeza hadi 12, na sasa wanasema mwisho wa mwisho ni tarehe 20 kwa sababu ofisi zinafungwa kwa sikukuu.

Nilichukua namba waliyotoa, nikajifanya natuma ili nione jina. Likatokea jina la mwanaume. Kesho yake wakatoa namba nyingine, ikatokea ya mwanamke. Dada akasema hao ni wahasibu wa kanda.

Sasa anataka nimkopeshe hiyo 420,000. Anajua ninayo, kwa sababu wazazi wameshanilipa malipo ya awali ya sare za shule za Januari. Anasema ni ya siku moja tu, ananirudishia na laki juu. Niliposita alilia, akasema, "Mimi sikukuuliza maswali nilipokulipia ada." Maneno hayo hayanitoki kichwani. Siku nyingine alisema hela ya Mama isipopatikana, bora asirudi nyumbani kabisa. Mama akiuliza mabati, anamwambia yameadimika dukani.

Mume wangu anasema nisitoe hata mia, na nimpigie Mama leo leo. Lakini Mama ana presha. Na kaka yetu aliyeko Dar ni mtu wa hasira, akijua anaweza kumpeleka dada polisi, na nasikia walioingiza wenzao ndio wanaokamatwa kwanza. Tunapanda meli ya Bukoba tarehe 21. Mama ameshatukaangia senene. Nitakaa pale natafuna senene huku najua mabati hayapo?

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi: je, kama ni kweli? Mbona friji ipo? Nikikataa, wenzake wakalipa na wakapata, si nitakuwa mimi niliyempotezea dada milioni nne?

Wako,
Mdogo Mtu, Mwanza

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwenye barua yako naona maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: kama utoe 420,000, kama Mama aambiwe, na deni lako kwa dada linaishia wapi. Ukiyashika yote kwa mpigo huwezi kulala. Kilichoyafunga pamoja ni tarehe 20, na tarehe hiyo hamkuipanga ninyi. Imewekwa na watu msiowajua sura, na wameshaisogeza zaidi ya mara moja. Ofisi ya kodi yenye tarehe ya mwisho inayovutika namna hiyo mimi sijawahi kuiona.

Tuanze na friji, maana nadhani ndiyo inayokusumbua kuliko unavyokiri. Friji ni ya kweli. Zile 68,000 alizozihesabu mbele yako pia ni za kweli. Swali ni zilitoka wapi. Kuangalia video na kubonyeza nyota hakuzalishi hela ya kumlipa mtu faida ya aina hiyo kwa wiki moja. Kinachowezekana ni kwamba aliyelipwa leo amelipwa kwa hela ya aliyeingia jana, na malipo yale madogo ya mwanzo yana kazi yake: ndiyo yanayomfanya mtu awaite wenzake saba bila kuwadanganya, kwa sababu yeye mwenyewe amelipwa kweli. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka DECI. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na kuvuna, na waliovuna mwanzoni walishuhudia kwa kinywa kipana mpaka makanisani. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Wakati ule ulipanga foleni mchana kweupe, na ofisi unaiona. Leo foleni iko ndani ya simu na ofisi haipo.

Kwa hiyo naomba uitazame upya ile milioni nne na laki mbili. Wewe umeiandika kama hela ambayo dada anayo na wewe unaweza kumpotezea. Mimi nasoma barua yako naona hela iliyotoka mkononi mwake ni milioni mbili: milioni moja na laki sita za Mama, na laki nne zake. Zilizozidi hapo ni tarakimu ambazo mwenye programu anaweza kuandika zozote anazotaka. Sitakuambia nina uhakika wa asilimia mia kuhusu kundi ambalo sijaliona. Lakini kuna jambo mnaloweza kulipima wenyewe, bure, na majibu yake yatamwingia dada kuliko hotuba yangu au ya mumeo.

Waulizeni hivi: "Hela yetu mnayo ninyi. Kateni kodi humo humo, mtutumie 3,780,000 zinazobaki." Mwajiri hukata kodi kwenye mshahara kabla hujaushika. Benki hukata kodi ya riba kabla haijaingia kwenye akaunti. Kwa nini hawa tu wanataka kodi itoke mfukoni mwa anayelipwa wakati wameushika mfuko wenyewe? Tena kodi ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa serikali. Haitumwi kwenye simu ya mtu, awe mwanaume au mwanamke. Ulifanya vizuri kuangalia majina. Ila usiyachukulie majina yale kuwa ndiyo wezi wenyewe, maana laini nyingi za aina hii zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasio na habari.

Wanaweza kukutumia picha ya cheti cha BRELA kuonyesha kampuni imesajiliwa. Kusajili jina la kampuni ni jambo moja. Ruhusa ya kupokea amana za watu hutolewa na Benki Kuu, na ya kukusanya mitaji iko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Muulizeni aliyewaletea cheti akuonyesheni na hiyo ya pili.

Tuseme umetoa 420,000. Njia hiyo ina faida moja ya kweli ambayo sitaki kuibeza: kwa siku chache dada atakuona upande wake. Hatari yake ni kwamba mara nyingi kodi hufuatwa na ada ya uhakiki, ada ya uhakiki ikafuatwa na faini ya kuchelewa, kwa sababu aliyelipa mara moja ameonyesha kwamba bado ana mahali pa kutoa. Na hapa nina swali ambalo huenda halitakupendeza. Hiyo hela ni ya nani? Umesema ni malipo ya awali ya sare. Ni ya wazazi ambao Januari watakuja dukani kwako na watoto. Dada yako naye hakuanza kwa wizi. Alianza kwa kuisogeza kidogo hela ya mtu mwingine, kwa siku chache, kwa nia njema ya bati za rangi.

Wanaobuni mambo haya wanaijua Desemba yetu vizuri. Vikoba vinavunjwa, mazao yameshauzwa, watu wanatafuta nauli, na kila mmoja anataka kufika nyumbani mkono usiwe mtupu. Ndiyo maana mwezi huu simu zinajaa "umeshinda zawadi ya sikukuu", tiketi za basi zinazouzwa na mtu asiye na ofisi, na ile ya "hela ile tuma kwenye namba hii". Dada yako hakunaswa kwa sababu ni mjinga. Alinaswa akiwa anataka kumfurahisha Mama, na hilo naomba mlishike wote wawili mtakapokuwa mnazungumza, kwa sababu aibu ikizidi ataendelea kuwaamini wale wanaomwandikia "hongera".

Sasa lile deni. "Sikukuuliza maswali nilipokulipia ada." Ni maneno mazito, na yamesemwa na mtu anayezama. Ni kweli hakukuuliza. Lakini alipolipa ada, shule ilikuwepo, walimu walikuwepo, na leo ipo cherehani. Je, kumlipa dada fadhila ni lazima kupitie kwenye namba ya yule mhasibu wa kanda? Kama una uwezo wa kutafuta 420,000 kwa ajili yake, ingeweza pia kuwa mwanzo wa mabati yenyewe, kidogo kidogo, kwa majina yenu wote wawili, baada ya sare kushonwa. Ingeweza kuwa siku nzima ya kukaa naye Kirumba kwenye meza yake ya dagaa. Mimi sijui ipi inawafaa. Nakuomba tu usikubali kwamba kuna namna moja pekee ya kuwa mdogo mtu mwema.

Lile la "bora nisirudi nyumbani" usiliache lipite hivi hivi. Huenda alimaanisha kususa safari tu. Huenda alimaanisha zaidi. Muulize waziwazi, kwa sauti ya kawaida: "Dada, unawaza kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Akisema ndiyo, au akinyamaza kwa namna inayokutisha, asiachwe peke yake usiku huo, na asubuhi mfuatane hospitali. Hilo litangulie kabla ya hela na kabla ya mabati.

Kuhusu Mama, mumeo anasema umpigie leo. Namwelewa, lakini simu ina ubaya wake: Mama ana presha, yuko mbali, na hujui nani atakuwa naye sebuleni simu ikikatwa. Kusubiri mpaka mfike kunakupa nafasi ya kuwa karibu, dawa zake zikiwepo, na dada akaongea mwenyewe kwa mdomo wake, jambo ambalo naona lina heshima zaidi kuliko wewe kumsemea. Ubaya wake ni kwamba utasafiri na siri kwenye meli, na nyumba ikijaa wageni mazungumzo hayo yanaweza yasipate nafasi mpaka Januari. Kunyamaza kabisa nako ni njia, na wengi huichagua. Ila kuna jambo hukuliandika: ukikataa wewe, dada atamwendea nani kabla ya tarehe 20? Mama ameuza ng'ombe mmoja. Kama zizini amebaki mwingine, dada anaweza kumwomba huyo kwa maneno ya mabati yaliyoadimika. Kwa hiyo, hata ukiamua habari yote isubiri mfike, fikiria kama kuna nusu ya habari inayofaa imfikie sasa: "Mama, usitume hela nyingine yoyote mpaka tuje."

Na hivi, una hakika gani kwamba Mama hawezi kubeba? Mwanamke aliyefiwa na mume akabaki na watoto na shamba la kahawa, akapitia misimu bei ikishuka, huenda ameshasikia habari mbaya kuliko hii. Presha ni ugonjwa wa kweli na sitaki uuchezee. Lakini wakati mwingine watoto tunamkinga mzazi huku tunaojikinga ni sisi.

Kaka na polisi nimewaacha nyuma kwa sababu hapo kuna watu wengine ndani. Kuendesha na kusimamia upatu wa namna hii ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na aliyeleta watu saba anaweza kuulizwa maswali. Siwezi kukuficha hilo, na mimi si wakili. Kituo cha msaada wa kisheria kingeweza kumshauri dada mapema, kabla kaka hajapata habari kwa njia za panya. Aliyejipeleka mwenyewe na ushahidi mkononi hasimami mahali pamoja na aliyetafutwa. Lakini wale akina mama saba, akiwemo mjane, nao wamepata ujumbe uleule wa kodi. Kila siku dada anaponyamaza, mmoja wao anaweza kuwa kwa wakala anatuma laki zake za mwisho. Sijui dada ana nguvu gani sasa hivi ya kusimama mbele yao. Anaweza kuanza kwa ujumbe wa mstari mmoja kwa kila mmoja: "Usilipe kodi, tuonane kwanza."

Yaliyobaki ni ya simu, nayapitia haraka. Msilifute kundi kwa hasira. Pigeni picha za skrini za ujumbe, namba na majina yote, pamoja na meseji za miamala, kisha ndipo programu iondolewe. Apige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wake, aripoti zile namba. Hela ya mwezi wa kumi si rahisi kurudi, ila namba zinaweza kufungiwa. Meseji za kitapeli zinatumwa 15040. Kwa kuwa alipiga picha kitambulisho cha NIDA, abonyeze *106# aangalie kama kuna laini asizozijua zimesajiliwa kwa jina lake, na abadilishe namba ya siri. Na mjiandae: watakuja wengine, wastaarabu, pengine wakijiita mawakili au maofisa wa mtandao, waseme wanaweza kuirudisha ile milioni nne kwa ada ndogo tu. Wengi wa hao wanatoka jiko lilelile.

Ukiamua kuzungumza na dada kabla ya tarehe 20, ningependa mwe wawili tu, mumeo asiwepo, na ule ujumbe wa "kateni humo humo" auandike yeye, kwa simu yake. Wewe usimwambie watajibu nini. Kaa naye tu mpaka wajibu.